Pikapu inayogonga mbele isipakie watu

Wiki iliyopita nilipanda pikapu kutoka Mabanga kwenda Sake kwa kazi ya redio. Nyuma kulikuwa na familia mbili zinazorudi kwao, pamoja na matela, mabidoni, mabashi, mbuzi mmoja, na watoto watano juu ya mzigo. Mimi nilipewa kiti cha mbele kwa sababu dereva anaijua sauti yangu. Kabla hatujafika Ndosho nikasikia ko, ko, ko chini ya miguu, upande wa kushoto. Kila shimo, ko. Nikamuuliza. Akajibu: “Kaka mwandishi, ni mawe ya Goma hayo, utazoea.” Kisha akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa stesheni yetu wenyewe.

Ni kweli, mawe yanatutesa. Volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na mpaka leo njia nyingi za mitaa yetu ni lava iliyoganda tu. Mwezi wa tano 2021 iliteremka tena mpaka Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Gari la hapa linachoka mbele mapema kuliko gari la mji wenye lami. Lakini mawe hayamlazimishi mtu kuendelea kupakia watoto huku anasikia chuma kinalia.

Tatizo kubwa naliona garajini. Mwenye gari anafika, anasema “inagonga mbele”, na fundi bila kuinama anajibu “leta amortisa”. Inanunuliwa ya okazo. Mlio unabaki. “Leta silambloki.” Mlio unabaki. Pesa ya piyesi tatu imekwisha, na mwenye gari anaamua kwamba hiyo ndiyo tabia ya gari lake. Mafundi wetu ni hodari, wanafufua magari ambayo kwingine yangekuwa chuma chakavu. Ila kukisia si kazi ya fundi, na mimi ningekataa kulipa piyesi ambayo sijaonyeshwa kwa mkono kwamba imelegea.

Mlio wenyewe husema mengi. Ukilia ka-ka-ka unapokata kona kali na gari linavuta kwa magurudumu ya mbele, tazama kardani. Mngurumo unaopanda na mwendo, na kubadilika unapoegemea kona, mara nyingi ni ruluma ya gurudumu. Volani ikilia kama mtoto unapoizungusha gari limesimama, anza na mafuta ya direksio na mkanda wake, ni rahisi. Mgongo mdogo mdogo kwenye mashimo, mwendo wa polepole, unaweza kuwa biyeleti za baa ya mbele au silambloki, na hizo hazikuui leo. Lakini mgongo huohuo unaweza kuwa rotuli, kile kifundo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake. Rotuli ikichomoka, gurudumu linalala chini na volani haina kazi tena. Kwa sikio pekee huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana lazima gari liinuliwe.

Kuliinua ni kazi ya nusu saa. Zuia magurudumu ya nyuma. Usitegemee kiriki peke yake, na usiweke jiwe la volkano chini ya gari, lina matundu na linaweza kupasuka. Tumia magogo mazito au stendi. Kwa pikapu nyingi zenye mikono miwili mbele na springi inayokaa juu ya mkono wa chini, kiriki kiwekwe chini ya huo mkono, si chini ya shasi, maana springi ikibana rotuli inajifanya nzima. Shika gurudumu kushoto na kulia, litikise: likicheza, tafuta kwenye rotuli za direksio au kwenye boksi lake. Kisha lishike juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni ruluma. Ukibaki, ni rotuli. Land Cruiser zenye akseli nzima mbele hazina rotuli hizo za mikono. Kwao huangaliwa ruluma za pivo.

Msidhani ni shida ya magari makuukuu ya Kongo tu. Oktoba 2004 Toyota iliita zaidi ya Hilux 300,000 huko Japani kwa sababu chuma kimoja cha kuunganisha direksio kiliweza kuvunjika. Huko waliita magari. Hapa nani anaita?

Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zilipoondolewa mwanzoni mwa 2025, watu wengi wamesafiri hivi, juu ya mzigo. Mama aliyekwisha kulipa na kupakia vitu vyake vyote hawezi kushuka eti rotuli inalia. Kwa hiyo simwambii yeye. Nawaambia wenye magari, na wasimamizi wa parkingi wanaochukua pesa kwa kila safari: mtu mmoja mwenye kiriki asubuhi, kabla ya kupakia. Pikapu inayogonga na haijaonwa, ibebe makaa au mbao, na hata hapo namwonea dereva huruma.

Sake tulifika salama. Baada ya siku mbili dereva alinipigia simu. Ilikuwa rotuli ya chini, kushoto. Mpira wake ulikuwa umepasuka, ndani hakuna grisi, ni vumbi jeusi tu. Mwenye gari alitaka ibadilishwe hiyo moja. Fundi akamshikisha gurudumu la kulia, akalitikisa mwenyewe, akanyamaza. Zimebadilishwa zote mbili na parale imepimwa. Jumamosi anarudi Sake na familia nyingine. Nimemwomba azime redio mpaka apite Mugunga.