Nyumba Kuukuu Zikibomolewa, Nani Atarudi?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu katika mijadala ya chama chetu tulipewa hoja isemayo, "Nyumba za zamani mjini zibomolewe ili maghorofa yajengwe." Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, na sikatai kwamba walisema vizuri. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Dakika tatu tulizopewa hazikutosha hata kuanza, ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida hili niseme yaliyobaki moyoni.

Kwanza sitaki kumdanganya mtu. Sisemi kwamba nyumba kuukuu ni nzuri. Nyumba hizi tunazijua. Paa linavuja, choo kinatumiwa na milango mingi, ukuta una ukungu, na stima ikipotea haijulikani nani wa kuitengeneza. Jengo likiwa hatari, watu waondolewe siku hiyo hiyo, hapo hatuna ubishi. Ila tusidhani kwamba jengo jipya ni salama kwa sababu tu ni jipya. Mwezi wa Aprili 2016 ghorofa liliporomoka Huruma, kule Nairobi wala si Huruma yetu ya Eldoret, likaua watu zaidi ya 50. Jengo hilo halikuwa la wakati wa mkoloni. Lilikuwa limejengwa juzijuzi tu.

Hoja yangu ni nyingine. Kila wakati tunapoambiwa mtaa wa zamani utabomolewa, tunaonyeshwa picha ya maghorofa yatakayojengwa, tunaambiwa idadi ya nyumba na idadi ya sakafu. Swali lisiloulizwa ni moja: wale waliokuwa wakikaa pale, nani kati yao atarudi?

Nyumba haizeeki peke yake

Wenzangu walisema nyumba hizo zimechakaa zenyewe kwa sababu ya umri. Nawauliza, mbona kuna majumba ya mawe ya umri ule ule katika miji yetu ambayo mpaka leo yanang'aa kwa rangi? Jawabu ni kwamba yale yanatunzwa.

Nyumba za baraza huchakaa kwa njia inayoeleweka. Kodi huwekwa chini, jambo ambalo ni zuri kwa mfanyakazi mdogo, lakini pesa zinazokusanywa hazirudi kutengeneza nyumba. Mfereji wa paa huziba majani, maji hushuka ukutani, lipu hubanduka. Mwaka unaofuata mbao za dari zinaoza. Fundi haji, mpangaji naye anaona hakuna haja ya kutengeneza nyumba ambayo si yake. Wengine huacha kulipa kodi, wengine hujenga vibanda vya mabati nyuma na kuwapangisha wenzao kwa bei ya juu. Kwa hivyo kosa si la upande mmoja. Baada ya miaka 30 au 40 anakuja mtu mwenye faili, anatazama, anatikisa kichwa na kusema, "Hizi hazifai." Ni kweli hazifai. Lakini aliyeziacha zikafika hapo ni nani? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoziba ufa utamfukuza mpangaji.

Ya Nairobi

Tuanze na Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya mkoloni ilibomoa kijiji cha zamani cha Pangani, mahali ambapo Waafrika, wakiwemo wanawake wengi, walikuwa na nyumba zao wenyewe na kuzipangisha. Mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa ili kuwachukua waliohamishwa. Hapo watu waliokuwa na nyumba zao wakageuka wapangaji wa serikali. Baadaye Pangani ikapata nyumba za baraza la jiji, na hizo nazo zikabomolewa mwaka 2020 ili kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Jina moja limebomolewa mara mbili!

Katika ubomoaji wa pili kulikuwa na familia 48. Mradi ulipangwa kuwa na nyumba 1,562. Familia hizo zilipewa pesa za kupanga kwingine wakati wa ujenzi, na ahadi kwamba zitakuwa za kwanza kupata nyumba mpya kwa kununua. Nakubali kwamba hiyo ni hatua kubwa kuliko ya mkoloni. Piga hesabu lakini. Mahali palipokuwa na nyumba 48 pakipata nyumba 1,562, nafasi ya wale 48 haiwezi kukosekana. Kinachoweza kukosekana ni uwezo wa kulipa. Mzee aliyezoea kodi ndogo ya baraza anapoambiwa sasa anunue, hata kwa bei nafuu, na hana mshahara, atapata wapi? Mlango uko wazi, lakini kizingiti kimeinuliwa.

Mfano wa pili ni Muthurwa, mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli. Sisi watu wa Eldoret tunapaswa kuujali huu, maana mji wetu pia ulikuzwa na reli iliyofika hapa mwaka 1924. Muthurwa ilikuja kuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2010 wapangaji wakatakiwa kuondoka. Ubomoaji ukaanza watu wakiwa bado wanaishi mtaani. Wapangaji walikwenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya makazi iliyo katika kifungu cha 43 cha Katiba. Kumbuka, mahakama haikusema mwenye mali hana haki ya mali yake. Hata wastaafu wa reli wanahitaji pensheni yao. Kilichokuwa na kasoro ni namna ya kuwaondoa watu.

Ya Dar es Salaam

Sasa tuvuke mpaka. Katika mjadala hakuna aliyeitaja Magomeni Kota, nami naona ndio mfano unaotufaa zaidi. Kota zilikuwa nyumba za zamani za kodi ndogo katika mtaa wa Magomeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilibomolewa, familia 644 zikatawanyika. Halafu uwanja ukakaa mtupu kwa miaka! Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale na kutamka kwamba serikali itajenga, na wale wa zamani watarudi, wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Maghorofa yakajengwa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua.

Mambo mawili najifunza hapo. La kwanza, watu walirudi kwa sababu walikuwa wamehesabiwa. Hawakuitwa "wananchi" tu au "wahusika". Walikuwa familia 644, na idadi hiyo haikufutika. La pili linanihuzunisha. Tangu kubomolewa mpaka kufunguliwa ilipita kama miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile tingatinga lilipokuja, nyumba zilipofunguliwa alikuwa amefika umri wetu au kuupita. Masomo yake yote aliyafanya akiwa anahamahama, labda kwa shangazi, labda katika chumba kimoja mbali na shule. Wazee wengine bila shaka walifariki wakingoja. Ahadi njema ikichelewa hivyo, nusu yake imeshaliwa na muda.

Sisi wa shule ya kutwa

Mtu ataniuliza, wewe mwanafunzi wa miaka kumi na sita, nyumba za watu zinakuhusu nini? Zinanihusu sana. Shule yetu ni ya kutwa. Hatuna bweni. Bweni letu ni mtaa. Taa tunayosomea ni ya nyumbani, na kama kuna meza, ni ya nyumbani. Mwenzetu wa shule ya bweni, nyumba yao ikibomolewa katikati ya muhula, angalau ana kitanda. Sisi je? Familia ikihamia mbali kutafuta kodi inayowezekana, mwanafunzi ana njia tatu tu: atembee saa mbili kila asubuhi, atafute nauli ya matatu ambayo haipo, au aache shule hii atafute nyingine. Na ukihamia shule nyingine katika kidato cha tatu, huku masomo ya mtihani umeshayachagua, si mchezo.

Ndiyo maana napinga wanaosema, "Watapata tu pengine pa kukaa." Ni kweli watapata. Hakuna anayelala angani. Lakini maskini hachagui nyumba peke yake. Anachagua nyumba, njia ya kwenda kazini, shule ya watoto, na duka linalomkopesha unga hadi mwisho wa mwezi. Vitu hivyo vinne vimefungwa kamba moja. Ukikata mahali pamoja, vyote vinaanguka.

Eldoret imekuwa jiji

Tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mji ulioanza kama shamba nambari 64, ambao wazee waliuita Sisibo, leo ni jiji. Tulifurahi, nami nilifurahi. Lakini jiji huja na tamaa yake. Ardhi ya katikati hupanda bei, na macho ya watu huanza kutazama nyumba fupi zilizokaa kwenye ardhi ndefu. Mji wetu nao umekuwa na nyumba zake za baraza, Kidiwa ikiwa mojawapo, na manispaa ilipoondoka mwaka 2013 urithi huo ulikwenda kwa kaunti. Yaliyofika Pangani hayawezi kukosa njia ya kuja Eldoret.

Isitoshe, wazazi wetu wanachangia. Kwa sheria ya Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Anayechangia ana haki ya kuuliza. Kuuliza si kupinga maendeleo.

Ninayoyapendekeza

Kwanza, kabla ya tingatinga kuja, orodha ya wapangaji wote iandikwe na kubandikwe hadharani, kila mtu aone jina lake na aweze kulalamika kama halipo. Mpangaji aliyepanga kwa mpangaji mwenzake naye aandikwe, hata kama haki yake ni ndogo.

Pili, ahadi isiishie jukwaani. Iwekwe katika maandishi: nyumba ipi, bei gani, kodi gani kwa asiyeweza kununua, na tarehe. Tangu mwaka 2016 sheria yetu ya ardhi inataka hata mtu anayekaa kwenye ardhi bila idhini apewe ilani ya maandishi ya miezi mitatu. Basi mpangaji mwenye risiti za miaka ishirini anastahili kupewa pungufu ya hapo?

Tatu, pajengwe kwanza kabla ya kubomoa, pale nafasi inaporuhusu. Ghorofa moja lisimame kwenye kiwanja kilicho wazi, watu wahamie, ndipo nyumba zao zivunjwe. Najua ni kazi ya polepole, lakini haraka haraka haina baraka, na uwanja wa Magomeni uliokaa mtupu ni ushahidi.

Nne, watu wasihamishwe shule zikiwa zimefunguliwa. Zipo likizo tatu kwa mwaka. Jambo hili halihitaji hata shilingi.

Tano ni letu sisi wanachama. Mtaa ukivunjwa, na majina huvunjika. Nani alikaa nyumba gani, nani alikuwa fundi wa reli, nani alishona sare za shule, nani alizalisha akina mama usiku, yote hayo hayamo katika faili la mhandisi. Tunacho Kiswahili na tunazo kalamu. Tukienda wawili wawili siku za Jumamosi, tuwaulize wazee na kuandika, jarida la mwaka ujao litakuwa na kurasa ambazo hakuna tingatinga litakalozifikia.

Kwa wenzangu mlioshinda mjadala, nawapa mkono. Ghorofa zijengwe, tena imara na zenye maji. Kile ninachokiomba ni kwamba siku ya kukata utepe, katika wale wanaopiga makofi, wawemo pia waliokuwa wakiishi hapo kabla, na wawe na funguo mkononi.