Damu Mshipani na Maji ya Mfereji



Mzee mmoja wa hapa Vuga alinijia ofisini kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake, akanionyesha vidonge vya shinikizo la damu alivyoacha kumeza. "Siumwi popote," alisema, "dawa ya nini?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo.

Twende mferejini. Sisi wa Usambara twajua ya kuwa maji yapitapo sawasawa, mfereji hubaki safi. Penye kona au penye kugawanyika maji huzubaa, tope likatua. Mwaka 1969 Bwana Colin Caro na wenzake wa London walionyesha ya kuwa mafuta nayo huanza kujijenga mshipani pale damu isuguapo ukuta kidogo, yaani kwenye mapindo na matawi.

Lakini mfereji ni udongo, na mshipa u hai. Ndani umetandikwa safu moja tu ya chembe hai, nazo huhisi damu izisuguavyo. Damu ikipita vema, chembe hujilaza kuufuata mkondo, hushikana, tena hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa. Kwa ugunduzi juu ya hewa hiyo Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Damu ikizubaa na kuyumbayumba, hewa hupungua, chembe huachiana nafasi, na mafuta hupenya. Basi si tope lililotua juu ya ukuta. Limeingia ndani yake. Chembe nyeupe za damu huyafuata mafuta hayo, huyala mpaka yakazishinda, na uvimbe huanza. Shinikizo likiwa kubwa, huuchosha ukuta na kuyasukuma mafuta ndani zaidi. Sigara nayo huipunguza ile hewa njema.

Na hayo yote, ndugu, hayaumi! Yaweza kuendelea miaka mingi kimya, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo uzibapo.

Kutembea kwa miguu huiendesha damu kwa kasi, chembe zikasuguliwa ipasavyo. Zamani milima yetu ilitulazimisha. Siku hizi kuna pikipiki.

Nilimsindikiza mzee zahanati. Kipimo kilisoma 170 kwa 100. Vidonge ameanza tena. Misa atakuja kwa miguu, aliniambia, ila kurudi ni kupanda mlima, kwa hiyo pikipiki hajaiacha bado.