Amri ya Uhamisho na Nyumba Iliyozidiwa na Deni

 

Wiki hii tunawageukia wanetu walio mbali na bahari. Wako vijana wa pwani waliovaa sare ya jeshi, na wako mabinti zetu walioolewa nao, ambao maisha yamewapeleka Nakuru. Hapo Lanet ndipo kilipo Chuo cha Kijeshi cha Kenya, na mbele kidogo kwenye barabara kuu iendayo Nairobi iko Gilgil na kambi zake. Baadhi yao, baada ya miaka michache ya kuishi huko, walichukua mkopo wa benki wakanunua nyumba. Kisha siku moja ikaja karatasi ya uhamisho: Mtongwe, Isiolo, Garissa, au Manda huko Lamu. Mwanajeshi hana hiari mbele ya amri. Nyumba haifungwi virago, na deni halibaki nyuma.

Shida huwa kubwa zaidi pale deni linapozidi bei ya nyumba yenyewe. Kwanza tueleze jambo hili hutokeaje, kwa sababu wengi huingia humo bila kufanya israfu yoyote. Katika miaka ya mwanzo ya mkopo wa muda mrefu, sehemu kubwa ya malipo ya kila mwezi huliwa na riba, na deni la msingi hupungua polepole mno. Mkopo ukiwa wa riba inayobadilika, mambo huzidi kuwa mazito. Kiwango cha msingi cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022, kikafika asilimia 13 Februari 2024 kabla ya kuanza kushushwa Agosti ya mwaka huo. Aliyelemewa na nyongeza hiyo akachelewesha malipo, faini zilimwongezea mzigo.

Bei ya nyumba nayo ina hatari zake. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, jambo lililowapa wauzaji wa viwanja maneno matamu ya kuuzia. Lakini Bonde la Ufa lina tabia zake. Maji ya Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha yalipanda, na mwaka 2020 wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, walilazimika kuzihama nyumba zao. Nyumba iliyo karibu na maji yanayosogea haiuziki kwa bei iliyonunuliwa, hata kama ukuta wake haujapata ufa.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Familia inadaiwa shilingi 5,200,000, na mthamini amesema nyumba itauzika kwa 4,400,000. Ukiongeza gharama za kuuza, tuseme 150,000, pengo ni 950,000. Malipo ya benki ni 66,000 kwa mwezi. Mume ameamriwa aondoke baada ya wiki sita. Familia hii ifanye nini?

Njia ya kwanza inayowajia wengi ni kupangisha. Ni njia njema, ila ihesabiwe kabla ya kufuatwa. Tuseme mpangaji analipa 30,000 kwa mwezi. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba ya makazi ambaye kodi yake ya pango inapita 288,000 kwa mwaka hulipa serikali asilimia 7.5 ya pango lote, bila kutoa gharama. Hiyo ni 2,250 kila mwezi. Zinabaki 27,750, na familia itatoa mfukoni 38,250 ili kutimiza malipo ya benki, kabla ya matengenezo na kabla ya miezi ambayo nyumba itakaa tupu. Kwa miaka miwili zitakuwa zimetoka 918,000, karibu sawa na pengo lile lile, na sehemu kubwa ya malipo imekwenda kwenye riba. Basi kupangisha kunafaa ikiwa pengo ni dogo, ikiwa familia itapata nyumba ya kambi huko iendako, na ikiwa yupo mtu mwaminifu Nakuru wa kuiangalia nyumba. Bila hayo matatu, ni kuchelewesha tu uamuzi.

Njia ya pili ni kwenda benki na kuomba masharti yabadilishwe: muda urefushwe au malipo yapunguzwe kwa kipindi. Ombi hili liwe la maandishi, liambatane na barua ya uhamisho, na lipelekwe kabla mwezi wowote haujakosekana. Afisa wa mikopo humsikiliza tofauti mtu ambaye daftari lake halina doa. Hata hivyo tukumbuke kwamba muda ukirefushwa, jumla ya riba huongezeka. Nafuu ya leo ina bei yake kesho.

Njia ya tatu ni kuuza wenyewe kwa idhini ya benki, hata kama fedha hazitoshi kumaliza deni. Mnunuzi huelezwa wazi kuwa hatimiliki imefungwa na rehani. Mawakili hupokezana fedha na hati, na benki hukubaliana na familia kwa maandishi kuhusu salio: lisamehewe sehemu, au lilipwe kidogo kidogo bila nyumba. Benki hailazimiki kukubali. Lakini inajua kwamba mnada huchukua muda na gharama, na kwamba nyumba ya mnada huvutia wanunuzi wa bei ya chini. Hapo ndipo familia ina nguvu ya kuzungumza.

Njia ya nne ni kuhamisha rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mdaiwa kuomba kwa maandishi rehani yake ipelekwe kwa mkopeshaji mwingine. Kwa familia ya Kiislamu huu unaweza kuwa mlango wa kutoka kwenye riba, kwa kuwa Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia tangu 2008. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja humiliki nyumba pamoja, na mteja hulipa pango la sehemu ya benki huku akiinunua sehemu hiyo hatua kwa hatua. Lakini tusidanganyane: benki itakayoingia ushirika itaithamini nyumba kwanza, na si rahisi kuilipia zaidi ya thamani yake. Pengo lazima lizibwe kwa njia nyingine. Masharti ya mkataba wasomeeni masheikh wenu kabla ya kutia sahihi.

Iko na njia ya tano, nayo ndiyo tunayoiogopa: kunyamaza. Mume amekwenda, simu za benki hazipokelewi, barua zinaletwa Lanet kwenye nyumba isiyo na mtu. Sheria ya Ardhi haimtofautishi mwanajeshi na raia. Malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja, benki inaweza kutoa ilani ya kumtaka mdaiwa arekebishe ndani ya muda usiopungua miezi mitatu. Ukipita, hufuata ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40, kisha dalali hutoa yake ya siku zisizopungua 45. Katika muda wote huo mlango wa mazungumzo u wazi, nao hupotea bure kwa sababu ya aibu. Tena wako wanaodhani nyumba ikishapigwa mnada wamepumzika. Sivyo. Fedha za mnada zisipotosha, benki inaweza kumdai mkopaji salio mahakamani, na jina lake likaharibika kwenye kumbukumbu za mikopo.

Sheria hiyo hiyo ina kinga ambazo kila familia inapasa kuzijua. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana, na lazima nyumba ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Na chini ya kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, deni lililokwama haliwezi kuongezeka bila kikomo. Riba inayodaiwa tangu hapo isizidi deni la msingi lililokuwepo lilipokwama, mbali na gharama za kulidai.

Hapa tunasema na akina mama hasa. Rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali mpaka mke anayeishi humo awe ametia sahihi au ameridhia. Na ilani ya kuuza, nakala yake hupelekwa pia kwa mke aliyetoa idhini. Kwa hiyo mama hawezi kuambiwa kwamba mambo ya deni ni ya wanaume. Kabla bwana hajaondoka, kaeni pamoja muandike: deni ni kiasi gani leo, hatimiliki nakala yake iko wapi, afisa wa benki ni nani, barua zitapokewa wapi. Someni pia bima ya maisha iliyofungamanishwa na mkopo. Bima nyingi huwa na masharti kuhusu kifo cha vitani, na tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, suala hilo si la nadharia kwa mke wa mwanajeshi. Mjane aliye edani hapasi kuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba bima haimlindi.

Mataifa mengine yamelitazama jambo hili kwa jicho la sera. Marekani ilianzisha mpango wa kuwafidia wanajeshi waliopata hasara ya nyumba mwaka 1966, na mwaka 2009, bei za nyumba zilipoporomoka, mpango huo ukapanuliwa uwahusu pia waliohamishwa kwa amri. Mwaka 2012 mashirika makubwa ya mikopo ya nyumba huko yalielekezwa kuihesabu amri ya uhamisho kuwa udhuru tosha wa kuuza nyumba kwa bei iliyo chini ya deni, hata kama mwenye nyumba hajakosa malipo. Hoja iliyo nyuma ya hatua hizo ni ya haki: anayehamishwa kwa manufaa ya taifa asibebeshwe peke yake hasara ya uhamisho huo. Wawakilishi wetu wa Nakuru na wa pwani wanaweza kuulizwa swali hilo.

Sisi Waislamu tuna hoja ya zamani kuliko hiyo. Qur'ani imetuelekeza kumpa mdaiwa mwenye dhiki muda hadi apate wasaa, na ikatuambia kusamehe ni bora zaidi. Imetuamuru pia kuandika deni na kuweka mashahidi. Na wadaiwa waliolemewa wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Basi jamaa mwenye uwezo akitoa qardhi hasana ya kuziba pengo la 950,000, ikaandikwa na kulipwa taratibu bila nyongeza, amemwokoa ndugu na riba ya miaka mingi. Na kamati ya msikiti inayogawa zaka isimwone mwenye nyumba ya mawe kuwa tajiri kabla ya kuuliza nyumba hiyo inadaiwa kiasi gani.

Ushauri wetu kwa familia yoyote iliyo Lanet au Gilgil ni huu: msingoje karatasi ya uhamisho. Wiki hii ombeni benki taarifa ya salio, ulizeni mthamini bei ya leo, muone pengo likoje. Likiwa dogo, anzeni kulipunguza. Likiwa kubwa, nendeni benki mkiwa bado wateja wazuri. Wakati mshahara unaingia na hakuna mwezi uliokosekana, uamuzi uko mikononi mwenu. Baada ya hapo huhamia kwa wengine.

Mwenyezi Mungu awaondolee wadaiwa wetu mizigo yao, na awahifadhi wanaosafiri kwa amri na wanaobaki wakiwangoja. Amin.