Chokaa Kwanza, Mbolea Baadaye

Mkulima wa Moiben au Ziwa, karibu na Eldoret, akiona majani ya mahindi machanga yamegeuka zambarau, hukata shauri kwamba shamba lina njaa ya mbolea, na msimu unaofuata huongeza DAP. Macho yake hayamdanganyi, kwani rangi hiyo huashiria upungufu wa fosforasi. Ila mara nyingi fosforasi imo humo humo shambani, ameinunua mwenyewe kwa pesa zake, lakini imeshikwa na chuma na alumini hata mizizi haiwezi kuifikia.

Kinachoishikisha ni asidi. DAP ina asilimia 18 ya nitrojeni, nayo iko katika hali ya amonia. Vijidudu vya udongo vikiigeuza kuwa naitreti, asidi hubaki nyuma. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Tena kushuka kutoka 6 hadi 5 si hatua ndogo: asidi imeongezeka mara kumi. Tusiitwike DAP lawama yote. Mvua zetu nyingi huosha kalisi, na mabua tunayowapa ng'ombe huondoka na madini. Lakini kupanda zao lile lile kwa mbolea ile ile, mwaka baada ya mwaka, kumeuharakisha uharibifu.

Mkulima wa mpunga kwenye delta ya Tana ana adui mwingine, chumvi ya bahari, na mpunga haustahimili chumvi, hasa ukiwa mche na unapochanua. Hata hivyo chumvi huoshwa na maji baridi ya kutosha, na jaruba lililofurika hupunguza asidi lenyewe, kwa kuwa udongo ukikosa hewa pH yake hupanda. Mahindi ya Eldoret hayana bahati hiyo. Kimbilio lake ni chokaa, inayopunguza asidi.

Ndiyo maana nauliza ruzuku yetu ya mbolea inanunua nini. Mwaka 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Bei ya awali ilikuwa imewavunja watu mgongo. Lakini mgao unaofuata ukubwa wa shamba hauulizi hali ya udongo. Naona udongo upimwe kwanza, kisha ruzuku iwe chokaa au mbolea kulingana na majibu. Wataalamu wa udongo wako hapa hapa, Chuo Kikuu cha Eldoret, na chokaa inachimbwa Koru, chini ya milima ya Nandi.

Wapinzani watataja uzito, nao wana hoja. Tani 2 kwa hekta ni kama mifuko 16 kwa ekari, na nauli yake si mchezo. Basi ruzuku ibebe nauli. Kigumu zaidi ni mashamba ya kukodi: nani atamwaga chokaa itakayofanya kazi misimu kadhaa, ilhali mkataba wake ni wa mwaka mmoja? Hapo mwenye shamba ndiye asajiliwe kupokea chokaa, si mpangaji.

Mahindi hupandwa Machi na Aprili, na chokaa yafaa iingie udongoni miezi miwili au mitatu kabla. Malori yanayoshusha mahindi Kisumu mwezi wa Desemba yanaweza kupitia Koru yakirudi.