Majengo yasizibe njia ya ndege

MIJI inapanuka, na kupanuka huko kumezifikisha nyumba za ghorofa, minara ya simu na matangi ya maji hadi jirani kabisa na viwanja vya ndege. Kujenga ni haki ya kila mwananchi aliyemilikishwa ardhi kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, haki hiyo ina ukomo kwenda juu, kama ilivyo na mipaka pande zake nne. Karibu na kiwanja cha ndege ukomo huo haukuwekwa ili kumkomoa mtu, bali kulinda roho za walioko angani na walioko ardhini.

Vipimo vyake vinajulikana. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Usafiri wa Anga uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, na Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo ndicho ambacho kwa miaka mingi kimeongoza suala hili. Kwa kawaida, katika eneo la meta 4,000 kuzunguka kiwanja kikubwa, jengo halipaswi kuzidi meta 45 juu ya usawa wa kiwanja. Kwenye mstari wa kutua na kuruka sharti ni kali zaidi, kwani kimo kinachokubalika hupanda meta 2 tu kwa kila meta 100 za umbali. Kwa hiyo nyumba iliyo kilometa moja kutoka mwisho wa njia ya kurukia haiwezi kuzidi meta 20 hivi, yaani takriban ghorofa sita.

Wapo wanaohoji ukali huo kwa kuwa kila siku huona ndege zikipita juu sana ya mapaa. Wanasahau kwamba kanuni hazikutungwa kwa siku ya heri peke yake. Ndege ya abiria yenye injini mbili, ikipoteza moja wakati wa kuruka, hutakiwa iweze kupanda angalau meta 2.4 kwa kila meta 100 baada ya kukunja magurudumu. Hapo tofauti kati ya mpando wa ndege hiyo na ule wa ukomo wa majengo ni meta 4 tu kwa kila kilometa. Ghorofa moja au mbili za ziada huimeza akiba hiyo. Tena, pasipo ajali yoyote, jengo refu huweza kulazimisha ndege ipunguze abiria au mizigo ili iruke salama.

Aidha, ni kosa kupima kimo kwa kuhesabu ghorofa. Katika mji wenye vilima kama Mwanza, nyumba ya ghorofa mbili mlimani huweza kuwa kikwazo kuliko ya ghorofa kumi bondeni, kwa sababu kipimo huanzia usawa wa kiwanja cha ndege, si msingi wa nyumba.

Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri, na kibali cha urefu hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hatari imo katika nafasi iliyo baina ya meza hizo mbili, pale afisa mmoja anapotia sahihi ramani kwa kudhani kwamba mwenzake amekwisha kuikagua. Matokeo ya udhaifu wa namna hiyo yalionekana India. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Bombay iliamuru zibomolewe sehemu za majengo 48 zilizozidi kimo karibu na kiwanja cha Mumbai. Kilichoshindwa kuzuiwa kwa kalamu kikaja kutafutiwa nyundo, na walioumia ni wakazi waliokwisha kutoa fedha zao.

Kuhamisha kiwanja nako si jambo jepesi. Mbeya ilikuwa na kiwanja kilichozungukwa na makazi hadi kile cha Songwe kilipoanza kazi mwaka 2012. Kwa Dodoma, Serikali iliamua kujenga kingine Msalato, nje ya mji. Fedha za kazi hizo ni za umma. Itakuwa hasara kubwa iwapo viwanja vipya navyo vitasongwa kwa sababu hapana aliyeilinda ardhi ya jirani tangu mwanzo.

Basi ramani za ukomo wa kimo hazina budi kubandikwa katika ofisi za kata na mitaa zinazopakana na viwanja vya ndege, na pasiwe na kibali cha ujenzi katika maeneo hayo pasipo kibali cha urefu. Mwenye nyumba halali iliyotangulia upanuzi wa kiwanja alipwe fidia ya haki na kwa wakati. Anayepandisha ghorofa kinyume cha kibali azuiwe zege likiwa bado bichi, awe tajiri au mwenye cheo. Nao walimu, ambao aghalabu huombwa ushauri na majirani zao, waieneze elimu hii.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, ufa huzibwa siku ramani inapofika mezani kwa afisa.