Kompyuta na Kasumba ya Lugha

Wako wanafunzi wa sekondari hapa Tanga wanaoshikilia kwamba kompyuta ni mwalimu wa Kiingereza tu. Kiswahili, wasema, wamezaliwa nacho, hakihitaji mashine. Fikra hii ni kasumba, nasi twaipinga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji huu mwaka 1909, hakuridhika na Kiswahili cha kuzaliwa nacho. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Na tangu mwaka 2017 programu ya Duolingo huwafundisha Kiswahili wasemao Kiingereza. Mgeni aliye Chicago hujisumbua na ngeli zetu, huku kijana wa Ngamiani akizibeza!

Wapo pia walimu wanaoikimbia mashine, wakihofu itawanyang'anya kazi. Hofu yao yaeleweka, lakini haina msingi. Mashine haijui ila kile ilicholishwa, na aghalabu hulishwa maandishi ya magazeti na tafsiri. Ni nani aliyeilisha Kimtang'ata cha Tongoni, au majina ya samaki na pepo wanayoyajua wavuvi wa Pangani? Mwanafunzi huiuliza neno la bibi yake. Ikimjibu kuwa halipo, humcheka bibi, wala haicheki mashine. Hapo ndipo penye hatari.

Twataka kila shule ya pwani hii iwatume wanafunzi wake kwa wazee, wayasikilize maneno hayo, wayaandike, wayarekodi, kisha wayatie kompyutani kwa mikono yao wenyewe. Kazi yaweza kuanzia Tongoni, muhula ujao.