Mrembo Mwangamizi wa Hollywood

Yuko mwanamke mmoja ambaye watazamaji wa sinema za Marekani wanamfahamu sana. Ni mzuri wa sura, ulimi wake ni mtamu, na akili yake ni kali kama wembe. Mwanamume akimwona hupotewa na busara. Akimfuata huishia gerezani au kaburini. Huyu nitamwita mrembo mwangamizi. Alivuma sana katika sinema za Hollywood za miaka ya 1940, na wako watu wenye elimu wanaomsifu hata leo. Husema kwamba huyu ndiye mwanamke mwenye nguvu, kwa sababu hangojei kuokolewa wala haombi ruhusa. Mimi naipinga sifa hiyo. Mrembo mwangamizi ni kisingizio cha udhaifu wa wanaume, kilichovikwa nguo nzuri.

Tutazame mfano ulio mashuhuri kupita yote, yaani Double Indemnity, sinema iliyoongozwa na Billy Wilder mwaka 1944. Barbara Stanwyck anaigiza Phyllis, mke wa mtu. Wakala wa bima, Walter Neff, anafika nyumbani kwao kwa kazi yake, naye anamtamani. Wawili hao wanafanya shauri la kumwua mume ili wapate fedha za bima. Ukimwuliza mtu aliyeitazama sinema hiyo ni nani aliyeleta maangamizi, atakujibu bila kusita kwamba ni yule mwanamke.

Lakini hebu tuyahesabu matendo. Ni nani aliyejua kwamba kifo cha ajali ya garimoshi kingelipwa maradufu? Ni Walter. Ni nani aliyekuwa akiwaza tangu zamani jinsi kampuni yake inavyoweza kuibiwa? Ni Walter. Ni nani aliyejificha nyuma ya kiti cha motokaa, akamwua mume kwa mikono yake? Ni Walter huyo huyo, na Phyllis alikuwa akiendesha. Simtoi Phyllis hatiani. Damu ile ni juu yake pia, na uovu wake ni wa kweli. Nauliza tu kwa nini hatia ya watu wawili imebandikwa jina la mmoja.

Jibu limo katika namna ya kusimulia. Hadithi ile ni ungamo la Walter, anayelitoa usiku ofisini mbele ya chombo cha kunasa sauti. Habari za Phyllis twazipata kinywani mwa mtu aliyempiga risasi akafa. Wahenga walisema, kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Ni mahakama gani duniani imwaminiyo muuaji kuwa shahidi wa pekee juu ya mtu aliyemwua?

Tena hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya mchezo kuanza. Tangu mwaka 1934 Hollywood ilishurutishwa kufuata kanuni zilizokataza uhalifu kuachwa bila adhabu, na kanuni hizo zilidumu hata mwaka 1968. Ni kweli kwamba ziliwahusu wanaume pia, na Walter naye haponi. Lakini wale wanaosema kwamba mrembo mwangamizi alipewa uhuru wamesahau kwamba uhuru huo ulikuwa na saa yake. Aliachiwa kamba ndefu kwa kuwa kitanzi kilikuwa tayari.

Patakuwa na atakayenijibu kwamba Phyllis alikuwa mhalifu, na mhalifu hustahili adhabu. Vema. Basi tumtazame mwanamke asiye mhalifu. Mwaka 1941 James M. Cain, ambaye ndiye pia aliyeitunga hadithi ya Phyllis, alitoa kitabu kiitwacho Mildred Pierce. Mildred ni mama aliyeachana na mumewe. Anaoka keki na pai za kuuza, anatumika mkahawani, kisha anafungua mkahawa wake mwenyewe, na mwingine, na mwingine. Katika kitabu hicho hakuna mauaji. Hollywood ilipokifanya sinema mwaka 1945, ilitia maiti ndani yake! Mchezo unaanza kwa milio ya bastola, na Mildred anasimulia maisha yake katika kituo cha polisi, kana kwamba kufanya kazi na kufanikiwa ni mashtaka. Mwishowe muuaji anatambulikana kuwa ni binti yake, naye Mildred, ambaye biashara imekwisha kumponyoka, anaondoka pamoja na yule mume wa kwanza.

Kumbukeni kwamba katika miaka ya vita, 1941 hata 1945, wanawake wengi wa Marekani waliingia viwandani, na vita vilipokwisha wengi wao waliondolewa ili wawapishe wanaume. Sisemi kwamba watunga sinema walifanya njama. Nasema kwamba hadithi ya mwanamke ambaye juhudi yake huleta msiba iliwafaa sana watu waliotaka arudi jikoni.

Wala msidhani kwamba hadithi za namna hii haziwezi kusimama bila mrembo mwangamizi. Ida Lupino, mwigizaji aliyekuwa pia mwongozaji, alitoa The Hitch-Hiker mwaka 1953. Marafiki wawili wanampa mgeni nafasi katika motokaa yao, kumbe ni muuaji, naye anawateka kwa bastola. Hofu imejaa tele, na hakuna mrembo wa kubebeshwa lawama.

Wanafunzi wangu, siwakatazi kuzitazama sinema hizi. Zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na Stanwyck alikuwa mwigizaji hodari sana. Lakini mtazamapo, ulizeni ni nani anayesimulia, na ni mikono ya nani iliyotenda. Na mkitaka kumsifu mwanamke mwenye nguvu, msimtafute kwenye bastola na manukato ya Phyllis. Mtafuteni Mildred mbele ya tanuri lake, akioka pai za kuwalisha watoto wake.